Kalenda Iliyosema Sinai

Katika chumba cha kinyozi ninayemwendea hapa Nakuru kuna kalenda ukutani, na ukurasa wake wa mwezi wa Agosti umezua mabishano yaliyodumu kuliko mwezi wenyewe. Picha ya ukurasa huo inaonyesha milima mikavu ya rangi ya kutu ikiteremka hadi kwenye maji tulivu ya samawati, visiwa vidogo vimetawanyika mbele ya ufuo, na mimea mirefu isiyo na majani imesimama mlimani kama nguzo. Kona ya kushoto haionekani, kwa kuwa kinyozi ameibandika karatasi ya bei zake. Chini ya picha pameandikwa neno moja: Sinai. Kinyozi, muumini asiyekosa ibada, hana shaka kwamba hiyo ndiyo nchi aliyoipita Musa. Mwalimu mmoja mstaafu wa jiografia alisema la, hiyo ni Mexico. Dereva wa matatu ya Njoro akawakatiza wote wawili kwa hoja kwamba mimea kama hiyo iko hapa hapa, katika mbuga ya Ziwa Nakuru, na kwa hiyo mahali hapo panaweza kuwa Afrika, pengine Somalia.

Nilikuwa kitini na wembe ukiwa shingoni, kwa hiyo sikuchangia. Hata hivyo swali lao limenikaa. Je, picha moja ya rasi ya jangwa, isiyo na bango, mtu wala nyumba, inampa mtazamaji haki ya kutaja jina la mahali? Wapo wanaoshikilia kwamba inatosha, kwa kuwa ardhi haijui kusema uongo. Wapo wanaosema majangwa yote ni ndugu wanaofanana, na kwamba anayetaja jina anabahatisha, kisha akipatia anajisifu. Mimi naegemea upande wa kwanza, kwa sharti kwamba mtambuzi aanze kwa kuyafuta majina yasiyowezekana kabla ya kulitafuta linalowezekana, na awe tayari kukiri ushahidi wake umeishia wapi.

Nguvu ya upande wa kwanza ni kwamba jangwa liko uchi. Huku kwetu, kuanzia vilima vya Nandi hadi Kakamega, mwamba umefunikwa na udongo, na udongo umefunikwa na chai, miwa au msitu, hata picha ya kilima kimoja inaweza kuwa ya kilima chochote. Jangwani mwamba wenyewe unaonekana, pamoja na rangi yake na matabaka yake. Rasi ya Peron iliyoko Shark Bay, magharibi mwa Australia, ina magenge mekundu yanayokutana na mchanga mweupe na maji ya kijani-samawati, na mtu aliyewahi kuiona picha yake mara moja huitambua mara ya pili. Musandam ya Oman, iliyotengwa na nchi yake na ardhi ya Falme za Kiarabu, ni milima ya chokaa iliyokatwakatwa na mabonde ambayo bahari imeyazamisha, maji yakaingia ndani kabisa katikati ya kuta za mawe. Rasi ya Paracas ya Peru karibu haina mmea hata mmoja, lakini upande wake wa baharini una mchoro wa kale wenye umbo la kinara, wenye urefu wa mita zipatazo 180, uliochimbwa kwenye mteremko wa mchanga. Anayekosea picha ya mchoro huo amekosa kutazama.

Upande wa pili nao una hoja ambayo wapenzi wa kutambua mahali hawapendi kuisikia. Rasi ni umbo la kwenye ramani, na mtu aliyesimama juu yake haioni. Chukua Rasi Hafun ya Somalia, ncha ya mashariki kabisa ya bara la Afrika. Kwenye picha ya setilaiti haina mfano, kwa sababu ni bonge la ardhi lililounganishwa na bara kwa ulimi mwembamba wa mchanga. Msafiri anayeshuka pale na simu yake hupiga picha ya mchanga, genge na bahari, vitu ambavyo angevipata katika ufuo mwingine wowote mkavu. Hata bahari yenyewe si hakika. Ukiikata vizuri picha ya ufuo wa Ziwa Turkana karibu na Loiyangalani, ukaacha mawe meusi na maji yasiyo na mwisho, utampeleka mtazamaji hadi Uarabuni bila nauli. Rangi nazo siku hizi ni za kutiliwa shaka, kwa kuwa simu huongeza wekundu wa mwamba na ubuluu wa maji kabla hata mpigaji hajaiona picha yake.

Ndiyo maana mimi huweka imani yangu kwenye mimea kuliko kwenye rangi, na hapa ndipo hoja ya yule dereva inapostahili kujibiwa kwa heshima. Kwenye kingo za mashariki za mbuga ya Ziwa Nakuru kuna msitu wa euforbia, miti yenye matawi yaliyopinda kuelekea juu na utomvu mweupe kama maziwa ambao wazazi hutukanya tusiuguse, usije ukaingia machoni. Mgeni huiita dungusi kakati. Sivyo. Dungusi kakati asili yake ni mabara ya Amerika, isipokuwa aina moja inayoning'inia kwenye miti ya misitu yenye unyevu na ambayo hupatikana pia Afrika. Euforbia na dungusi zimefanana kwa kuwa zimekabiliwa na shida ile ile ya ukame, zikaacha majani na kuhifadhi maji shinani, lakini hazina undugu wa karibu. Ukisogea, utaona miiba ya euforbia imekaa miwili miwili, na ya dungusi hutoka kwa vishada kwenye kijifundo kimoja. Kwenye kalenda miiba haionekani, kwa hiyo inabidi kutazama umbo. Euforbia ya Nakuru huwa na shina tupu kisha taji la matawi juu, ilhali nguzo za kwenye kalenda zina matawi machache manene yanayoanzia chini, na mifereji inayoshuka kutoka kileleni hadi ardhini. Huo ni mmea ambao watu wa Mexico huuita cardón, na huweza kupita mita 15 kwa urefu.

Mtu anaweza kupinga kwamba mimea husafiri, na atakuwa amesema kweli. Mpungate, ambao nao ni aina ya dungusi, uliletwa kutoka Amerika ukaenea hadi ukawa janga la malisho kule Laikipia, na Misri pia unalimwa kwa ajili ya matunda yake. Kwa hiyo mpungate katika picha hauthibitishi chochote. Lakini nyuma ya nguzo hizo, kwenye mteremko, kuna mmea mwingine ambao hakuna aliyeutaja siku ile: mti mmoja mwembamba, mpana chini na uliochongoka juu, wenye vijiti vidogo vidogo ubavuni, mfano wa karoti iliyopinduliwa. Huo ni cirio, neno la Kihispania lenye maana ya mshumaa mrefu wa kanisani. Porini humea katika sehemu mbili tu duniani, yaani sehemu ya kati ya Baja California, rasi ndefu ya magharibi mwa Mexico, na kipande kidogo cha pwani ya Sonora, jimbo la nchi hiyo hiyo ng'ambo ya Ghuba ya California. Kwangu mmea huo mmoja una uzito kuliko milima yote ya picha.

Sasa, kwa nini mchapishaji wa kalenda alikosea, na kwa nini kinyozi aliamini? Sidhani ni uzembe mtupu. Sinai na Baja California zinafanana kwa sababu zenye mizizi. Ghuba ya California ilitokea rasi ilipoanza kujitenga na bara la Mexico, na ghuba za Suez na Aqaba zinazoikumbatia Sinai zilitokea ardhi ilipopasuka na kuteleza, katika mwendo ule ule mkubwa ulioliumba Bonde la Ufa tunamoishi sisi watu wa Nakuru. Matokeo yake ni milima mikali inayoangukia ghafla kwenye bahari nyembamba. Tena zote mbili zinakaa kati ya latitudo zinazokaribiana, kiasi cha nyuzi 28 au 29 kaskazini, kwa hiyo kivuli, ambacho watambuzi wengi hukitegemea, hakisaidii kuzitenganisha. Sisi wa Ikweta tumezoea kivuli cha adhuhuri kinachoelekea kusini miezi kadhaa na kaskazini miezi mingine. Kule kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini mwaka mzima. Kivuli kinaweza kumwondolea mtu Peron, ambako hali ni kinyume, na kikamwacha palepale kati ya Musa na Mexico.

Kinachotenganisha, ukiacha mimea, ni ufuo. Pwani ya Sinai imepakana na matumbawe, na picha zake huwa na mkanda wa maji meupe-kijani kando ya nchi kavu kabla ya buluu nzito ya kina kirefu. Kwenye kalenda mkanda huo haupo. Visiwa navyo ni ushahidi, kwa kuwa Ghuba ya Aqaba ina vichache tu, ilhali Bahía de los Ángeles, ghuba ndogo iliyoko upande wa mashariki wa Baja California, imejaa visiwa. Mwalimu alifungua ramani ya setilaiti kwenye simu yake akaanza kazi ambayo mvuvi yeyote wa Ghuba ya Winam angeielewa bila kufundishwa. Mvuvi hujua alipo kwa kutazama kilima kipi kinajificha nyuma ya kipi, na Mlima Homa ukikaa mahali fulani yeye hutupa wavu. Vivyo hivyo visiwa viwili vinavyogusana pichani vinachora mstari mmoja, visiwa vingine viwili vinachora wa pili, na mistari hiyo inapokutana ndipo alipokuwa amesimama mpigaji.

Njia hiyo si mchezo. Mwaka 2018 ilisambaa video ya wanaume wenye sare wakiwaua wanawake wawili na watoto wawili, na serikali ya Kamerun ikakana kwamba tukio lilikuwa la nchini mwake. Waandishi wa BBC walilinganisha ukingo wa milima ulioonekana nyuma ya njia na picha za setilaiti, wakapafikia mahali karibu na Zelevet, kaskazini ya mbali ya nchi hiyo. Mwaka 2020 wanajeshi walihukumiwa vifungo. Anayedai kwamba kutambua mahali kwa picha ni ubashiri wa vijiweni hana budi kulijibu jambo hilo kwanza.

Mashine je? Nimesikia vijana wakisema hakuna haja ya kubishana kwa kinyozi wakati programu inajibu kwa sekunde. Programu hizi hujifunza kutokana na picha zilizopigwa na wengine, na palipo na picha chache elimu yake ni chache. Mwaka 2016 watafiti wa Google walitengeneza moja iliyoigawa dunia katika vipande, vidogo mahali penye picha tele na vikubwa mahali pasipo nazo. Rasi za mbali za jangwa huangukia kwenye vipande vikubwa, yaani pale hasa tunapohitaji jibu jembamba ndipo mashine hutoa jibu pana. Binadamu naye ana hila zake. Wachezaji wa GeoGuessr, mchezo ulioanza mwaka 2013 wa kukisia mahali kwa picha za barabarani, huitambua Kenya kwa bomba la kuvutia hewa la gari lililopiga picha hizo, linaloonekana pembeni ya boneti. Wanapatia, lakini wamelitambua gari.

Limebaki jambo la kulitangaza jina baada ya kulipata, na hapa upande wa pili unanishinda kwa kiasi. Mwaka 2020 polisi wa Italia walikamata dungusi zaidi ya 1,000, nyingi zikiwa aina ya Copiapoa zilizoibwa katika jangwa la pwani ya Chile, na zaidi ya 800 zikarejeshwa mwaka uliofuata. Mwizi wa mmea unaokua polepole namna hiyo hahitaji zaidi ya kujua bonde, na picha iliyotambuliwa hadharani humwonyesha njia. Sisi tunaopakana na vifaru wa Ziwa Nakuru hatuhitaji kuelezwa zaidi. Kwa hiyo mimi hutaja ghuba yenye kijiji na wageni wake, kama Bahía de los Ángeles, bila kusita, na picha ya mmea adimu huishia kwenye jina la nchi. Wanaosema elimu haifai kufichwa wana haki kwa sehemu, ila anayejifunza jiografia hapotezi kitu akinyimwa tarakimu za mwisho za latitudo.

Kuhusu kalenda yenyewe, mwalimu amelikata neno Sinai kwa kalamu na kinyozi ameliandika upya juu yake. Mimi nimeridhika kwamba si Sinai wala Somalia. Nisichoweza kukifuta ni ule ufuo wa Sonora, kwa sababu nao una cirio na unaitazama ghuba ile ile kutoka upande wa pili. Mpigaji akiwa Bahía de los Ángeles akitazama mashariki, kisiwa kirefu cha Ángel de la Guarda kinapaswa kutokea kushoto kwake, nyuma ya vile vidogo. Kushoto ndiko kuliko na karatasi ya bei, na kinyozi amesema haibandui hadi bei zipande.