Chanjo ya HPV: mama wa Birere anauliza, na anastahili jibu

Mama mmoja anayeuza samaki wadogo wa sambaza Birere, mtaa wa hapa Goma, mashariki mwa Kongo, alifungua fundo la kitenge anamoweka pesa zake, akatoa kadi iliyolowa pembeni. Ni ya binti wa dada yake anayesoma Rubavu, ng'ambo ya mpaka, Rwanda: tarehe, namba ya dawa, sahihi ya muuguzi. "Huyu walimchoma shuleni ile chanjo ya kansa ya kizazi," akaniambia. "Wa kwangu ana miaka 11. Siku ikifika shuleni kwake, nikubali? Watu wanasema inafunga kizazi."

Swali hilo limenikaa moyoni, maana majibu mawili ninayoyasikia mjini hayamfai. Wengine wanamwambia aache ujinga, sayansi imeshasema. Wengine wanamwambia wazungu wanataka kutupunguza. Hakuna kati yao aliyemjibu.

Chanjo yenyewe inakinga HPV, virusi vinavyosababisha kansa ya mlango wa kizazi. Nianze na hofu ya kufunga kizazi. Rwanda ilianza kuchanja wasichana nchi nzima mwaka 2011, ikiwa ya kwanza Afrika. Waliochanjwa mwanzoni leo ni wanawake wa miaka ishirini na kitu, na tunapishana nao Petite Barrière, kivuko cha mpakani, wakiwa na watoto mgongoni. Huo ni ushahidi wa macho, lakini uliopimwa upo pia. Marekani watafiti walipekua kumbukumbu za matibabu za wasichana na wanawake karibu 200,000, na matokeo yaliyotoka 2018 hayakuonyesha kwamba waliochanjwa wanaishiwa mayai mapema kuliko wenzao. Ndani ya sindano hamna virusi, viwe hai au vimekufa. Mna ganda la protini linalofanana na la virusi, ili mwili umjue adui kabla hajafika.

Wenye mashaka wana hoja moja nzito. Katika majaribio mengi ya mwanzo, kundi la kulinganishwa halikudungwa maji ya chumvi matupu. Lilipewa mchanganyiko wenye alumini, ileile iliyomo kwenye chanjo, au chanjo ya ugonjwa mwingine. Kama alumini ingekuwa na madhara, yangejitokeza pande zote mbili na tofauti isingeonekana. Ni kasoro ya kweli, na daktari anayeificha anajiharibia mwenyewe. Iliyoijibu ni kazi ya baadaye. Denmark na Sweden walifuatilia wasichana karibu 1,000,000, waliochanjwa na wasiochanjwa, na ripoti yao ya 2013 haikupata ushahidi kwamba chanjo inaleta magonjwa ya mishipa ya fahamu, kuganda kwa damu, au mwili kujishambulia. Madhara yanayojulikana ni mkono kuuma, homa ndogo, na kuzimia baada ya sindano, ndiyo maana msichana hukalishwa dakika 15. Mzio mkali hutokea kwa watu wasiofika 2 katika dozi milioni moja.

Japani inaonyesha hofu inavyogharimu. Chanjo iliingizwa kwenye ratiba ya taifa Aprili 2013. Wasichana kadhaa wakaonekana kwenye televisheni wakitetemeka na kushindwa kutembea, na kufikia Juni serikali ikaacha kuihimiza. Waliokuwa wakichanjwa karibu 70% wakashuka chini ya 1%. Uchunguzi uliofanywa jijini Nagoya haukupata uhusiano kati ya chanjo na dalili zile, lakini serikali ilisubiri hadi 2022 kuanza tena kuihimiza. Watafiti wamekadiria kwamba pengo lile litaondoa maisha ya wanawake wapatao 5,000.

Lakini mfano unaofanana nasi zaidi ni India. Mwaka 2009 shirika la Kimarekani la PATH liliendesha mradi wa chanjo hii Andhra Pradesh na Gujarat. Wasichana saba walikufa, na 2010 mradi ukasimamishwa. Uchunguzi ulikuta vifo vyenyewe havikutokana na chanjo: mmoja alizama majini, mwingine aliumwa na nyoka. Uchafu ulikuwa kwenye karatasi. Wasichana wengi walikuwa wakiishi bwenini, na walezi wa mabweni ndio waliotia sahihi mahali pa wazazi. Dawa ilikuwa safi, idhini haikuwa, na hilo lilitosha kuichafua chanjo nchini kote kwa miaka.

Goma tunalielewa hilo kuliko wengi. Aprili 2020 Profesa Muyembe, mtaalamu wa virusi aliyeongoza mapambano ya Kongo dhidi ya korona, alitangaza kwamba Kongo iko tayari kwa majaribio ya chanjo ya korona, hasira ikawaka, "hatutaki kuwa panya wao", mpaka ikabidi afafanue kwamba ingejaribiwa kwingine kwanza. Septemba 2021 tume huru ikathibitisha kwamba baadhi ya waliokuja kutuokoa na Ebola, wakiwemo watumishi wa OMS, yaani Shirika la Afya Duniani, waliwadhulumu wanawake wetu kingono. Mama anayekumbuka hayo na kusita mbele ya sindano ana sababu zake, na hazihusu alumini.

Hata hivyo mimi nimechagua upande. Shangazi yangu alitokwa damu miezi saba akidhani ni umri. Nilikuwa nikimfulia vitambaa usiku ili watoto wasione, na harufu ile haikutoka mikononi kwa sabuni. Alipoandikiwa mionzi, ilibidi aende Kampala, na pesa ziliishia njiani. Aina mbili za HPV, 16 na 18, husababisha takriban 70% ya kansa hii. Sweden, waliochanjwa kabla ya miaka 17 wameipata kwa 88% chini ya wasiochanjwa. Haikingi aina zote, kwa hiyo kipimo cha siki, ambapo mlango wa kizazi hupakwa siki ili dalili za mwanzo zionekane, kibaki kwa wanawake wazima, na anayesema tuchague kimoja anatunyima.

Kwa hiyo nilimwambia mama akubali, ila asikubali karatasi itiwe sahihi bila yeye. Aisomewe kwa Kiswahili, aambiwe kuhusu kuzimia na mzio, apewe jina na simu ya muuguzi atakayekuwepo hata wiki inayofuata.

"Na kama hana simu huyo muuguzi?"

Basi arudi na binti yake nyumbani, nikamjibu, mpaka watakapompata mwenye simu.