Sheikh, Omba Kwanza Karatasi ya Bomani

Bibi harusi wa London anaweza kuwa na walii, mashahidi wawili, mahari mkononi na cheti chenye muhuri wa msikiti, na bado mbele ya sheria akahesabika hajaolewa. Sheria ya Ndoa ya 1949, inayotumika England na Wales, huuliza mengine. Je, msajili alipewa taarifa? Jengo limeandikishwa kwa ajili ya ndoa? Mwenye idhini ya kuandikisha alikuwepo? Yakikosekana yote, nikaha hiyo kisheria ni sherehe tu.

Februari 2020 Mahakama ya Rufani iliamua hivyo kuhusu wenzi waliofungishwa nikaha mgahawani huko Southall mwaka 1998, wakazaa watoto wanne. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilikuwa imeiita ndoa yao batili. Neno hilo linatisha, lakini mke wa ndoa batili anaweza kudai matunzo na mgawo wa mali. Rufani ikasema hapakuwa na ndoa yoyote, hata hiyo batili.

Si jambo la wachache. Uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya televisheni ya Channel 4 mwaka 2017 ulikuta asilimia 61 ya wanawake Waislamu walioolewa kwa nikaha hawakupitia ndoa ya bomani.

Hasara yake huonekana siku mbili: siku ya kuachwa na siku ya msiba. Akiachwa, mahakama ya talaka haina mlango wa kumpokea. Kama nyumba imeandikwa jina la mume, itabidi athibitishe kwa risiti na taarifa za benki kwamba alichangia kuinunua. Miaka ya kupika na kulea haihesabiki. Mume akifa bila wasia, mke wa bomani mwenye watoto hupata vyombo vya ndani, pauni 322,000 za mwanzo na nusu ya kinachobaki. Mwenye nikaha peke yake hapati kitu mpaka afungue madai, ndani ya miezi 6 tangu kutolewa kibali cha mirathi, akionyesha kwamba waliishi pamoja miaka 2 mfululizo hadi kifo. Watoto haki zao zinabaki. Anayebaki mikono mitupu ni mama yao.

Na kinga yenyewe si kazi ngumu. Wachumba, wakiwa wamekaa wilaya yao angalau siku 7, huenda kwa msajili kutoa taarifa ya kusudio la kuoana, kisha husubiri siku 28. Kama mmoja hana uraia wala ukaazi wa kudumu, subira inaweza kurefushwa hadi siku 70. Taarifa ikishapita hudumu miezi 12.

Wengi hukwama kwenye karatasi. Aliyewahi kuachika aje na cheti halisi cha talaka, na kikiwa cha Kiswahili au Kiarabu kiwe na tafsiri iliyothibitishwa. Majina nayo yalingane: pasipoti ikisema Mwanaisha na cheti cha kuzaliwa Mwana Aisha, arekebishe mapema, asingoje wiki ya harusi.

Kuna mtego mwingine. Msikiti kuandikishwa kama mahali pa ibada hakutoshi; lazima uandikishwe pia kwa ndoa. Hata ukiwa umeandikishwa hivyo, nikaha ikihamishiwa ukumbini kwa sababu wageni ni wengi, uandikishaji wa msikiti haufuati. Na waraka wa ndoa unaotolewa na msajili, ukishasainiwa siku ya ndoa, lazima umrudie ndani ya siku 21.

Scotland ni rahisi zaidi: imamu mwenye idhini anaweza kuozesha hata sebuleni, mradi msajili alipata taarifa siku 29 kabla na waraka wa ndoa umechukuliwa. Bila waraka huo, asiozeshe.

Aliyeolewa Unguja au Mombasa kwa kufuata sheria ya huko kwa kawaida hutambuliwa Uingereza pia. Atunze cheti halisi na tafsiri yake, wala asiende kufunga upya kwa hofu.

Lakini kila semina ya kina mama humalizikia kwa kumwambia binti "jiandikishe." Binti gani, wiki ya harusi, wazee wamejaa sebuleni, atasimama kudai karatasi bila kuambiwa hamwamini mume? Mzigo huu ni wa sheikh. Aseme wazi tangu posa: sifungishi bila kuona karatasi ya msajili. Wapo wanaojibu kwamba kuchelewesha nikaha ni kuwasukuma vijana kwenye zinaa. Siku 28! Ukumbi hulipiwa miezi 6 kabla, na hakuna anayelalamika.

Mke wa pili ni habari nyingine, kwa kuwa bomani hawezi kwenda. Huko mume angekuwa anatenda kosa la jinai. Kinga yake ni jina lake kwenye hati ya nyumba na wasia wa mume uliosainiwa mbele ya mashahidi wawili waliokuwapo pamoja, nao wasiwe warithi wa wasia huo.

Mahari ya deni nayo iandikwe kwa tarakimu na kusainiwa. Tangu miaka ya 1960 mahakama ya Uingereza imekubali idaiwe kama deni la mkataba, lakini "kiasi tulichokubaliana" si tarakimu.