Pepo hilo lina akili sana

Huyo bwana aliyemkata shemeji yake kwa panga na kusema pepo ndilo lilimtuma, mbona pepo hilo lilikumbuka kuficha panga chini ya kitanda? Hapa kwetu Kadutu, Bukavu, watu wa chumba cha maombi wameshaanza kufunga na kumwombea. Lakini mtoto akikojoa kitandani ni mchawi, anafukuzwa. Mmoja alilala kwenye baraza yetu usiku wa mvua, meno yakigongana, kandambili moja mkononi. Na Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi; sheria ya 2009 inampeleka msingiziaji jela mwaka 1 hadi 3. Mchungaji gani hajui? Na yule mama aliyekatwa, nani amempelekea hata uji hospitalini?