N42 au P90? Kuchagua silinda hedi ya injini ya L28

Mtu akipata injini ya L28, ile ya Nissan yenye silinda sita kwenye mstari mmoja iliyofungwa katika Datsun 280Z na 280ZX, ushauri wa kwanza anaopewa ni kutafuta hedi (sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda na kubeba valvu) ya N42. Ushauri huo una msingi. Tatizo ni kwamba hutolewa kabla mshauri hajauliza ndani ya bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, mna pistoni gani. Bila jibu la swali hilo, namba iliyo ubavuni mwa hedi, upande wa plagi, haituambii injini itakuwa na nguvu kiasi gani wala itadumu vipi.

Tuanze na bloku. L28 ina silinda zenye kipenyo cha mm 86 na mwendo wa pistoni wa mm 79, jumla cc 2753, yaani karibu cc 459 kwa kila silinda. Injini za 280Z, zenye bloku ya N42 (bloku nayo ina namba yake, hapa sawa na ya hedi), zilitoka kiwandani na pistoni zilizochimbwa shimo kichwani lenye ujazo wa karibu cc 11. Injini zisizo na tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi) za 280ZX kuanzia 1981 hadi 1983, zenye bloku ya F54, zilikuja na pistoni bapa ambazo zikifika juu kabisa hutokeza zaidi kidogo ya nusu milimita nje ya uso wa bloku. Bloku hiyohiyo ya F54 kwenye gari la tabo ina pistoni zenye shimo. Kwa hiyo namba ya bloku nayo haitoshi. Fungua plagi uchungulie kwa kamera ndogo, au ng'oa hedi uone kwa macho.

Sasa hedi zenyewe. Chemba ya N42, yaani nafasi ndani ya hedi ambamo petroli huwaka, ina ujazo wa karibu cc 44.6 na iko wazi: paa lake limeenea karibu juu ya pistoni yote. Chemba ya P90, iliyotoka na injini za tabo, ina karibu cc 53.6, lakini sehemu ya paa lake ni bapa na hukaribiana sana na pistoni inapofika juu. Nafasi hiyo nyembamba husukuma mchanganyiko wa hewa na petroli kuelekea kwenye plagi kwa kasi, na gesi inayobaki pembeni hupoozwa na chuma kabla haijajilipukia yenyewe. Mkandamizo ukipanda, hapo ndipo tofauti ya hedi hizi mbili inapoonekana. Kwa valvu hakuna mshindi, kwa sababu zote zina mm 44 za kuingiza na mm 35 za kutolea.

Funga N42 juu ya pistoni bapa na gasketi ya kawaida yenye unene wa karibu mm 1.2. Ukijumlisha chemba na gasketi, kisha ukitoa kile pistoni inachotokeza, unabaki na karibu cc 49, na uwiano wa mkandamizo (ujazo pistoni ikiwa chini ukilinganishwa na ikiwa juu) unafika karibu 10.3:1. Funga P90 mahali palepale, unapata karibu 8.9:1. Kwenye karatasi N42 imeshinda kwa mbali, na wanaoitetea wana hoja ya haki: mkandamizo mkubwa huongeza msukumo katika kila mzunguko, na kamshafti (mhimili unaofungua valvu) ya muda mrefu, yaani inayoacha valvu wazi kwa muda mrefu na kuchelewa kufunga ile ya kuingiza, hupoteza sehemu ya mkandamizo injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini. Injini yenye kamshafti ya namna hiyo, kabureta tatu za njia mbili na petroli ya oktani ya juu (isiyojilipukia kwa urahisi ikibanwa) huifurahia 10.3.

Ila injini nyingi za barabarani hazijengwi hivyo. Zina kamshafti ya kiwandani au iliyozidi hapo kidogo, na zinatiwa petroli ya kawaida ya kituoni. Kwa chemba iliyo wazi na 10.3:1, mchanganyiko wa pembeni hujilipukia kabla mwali haujaufikia. Dereva husikia mlio mkavu anapokanyaga mafuta kwenye mlima akiwa gia ya juu. Fundi hurudisha nyuma taimingi ya cheche za plagi nyuzi 4 au 6, mlio unakoma, na faida yote ya mkandamizo inakwenda nao, huku eksozi ikizidi joto. Asipoirudisha, kinachofuata ni kuta za mifereji ya ringi za pistoni kuvunjika na gasketi kuungua kati ya silinda mbili.

Hapa watetezi wa N42 wana jibu zuri ambalo halisemwi vya kutosha. Kwa kuwa chemba ya N42 haina ile nafasi ya kubana, gasketi nene haiiharibii kitu. Gasketi ya mm 2 inaishusha injini hadi karibu 9.5:1, kiwango ambacho petroli ya oktani 95 kwa kipimo cha RON huweza kukivumilia ikiwa taimingi imepangwa kwa uangalifu na mfumo wa kupooza ni mzima. Kwa P90 mbinu hiyo ni kosa. Umbali kati ya paa bapa na pistoni kwa gasketi ya kawaida ni karibu mm 0.6 hadi 0.7, na ukiweka gasketi nene unaua kilekile ulichoinunulia hedi hiyo.

P90 hupandishwa mkandamizo kwa kuskimu, yaani kukwangua uso wake wa chini kwa mashine. Kila milimita moja inayoondolewa hupunguza kati ya cc 4 na 5, hivyo milimita moja huifikisha injini ya pistoni bapa karibu 9.5:1, na milimita mbili huileta kwenye ujazo wa N42 ikiwa bado na umbo lake la kubana. Kwa injini ya barabarani naona kazi hii ndiyo bora kuliko zote. Lakini ina gharama zake, na wanaoisifu huziruka.

Kamshafti ya L28 imo juu ya hedi, na ukiskimu inashuka kuelekea kranki, mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni. Cheni ya taimingi inalegea na taimingi ya kamshafti inachelewa. Skimu ndogo ya kunyoosha uso hurekebishwa kwa tundu tatu zilizomo kwenye gia ya kamshafti. Milimita moja au mbili hazirekebishiki hivyo. Inabidi vipande bapa vya unene uleule ulioondolewa viwekwe chini ya minara inayobeba kamshafti. Sasa kamshafti imerudi mahali pake kwa cheni, ila imekuwa mbali na valvu, na vile visahani vinavyokaa juu ya shina la valvu lazima viwe vinene zaidi. Paka wino roka, yaani mkono unaosukumwa na kamshafti kufungua valvu, zungusha injini kwa mkono, kisha tazama alama: iwe katikati ya uso wa roka. Ikikimbilia ukingoni, roka na kamshafti vitalika haraka. Wengi huruka hatua hii kwa kuangalia nafasi ya valvu peke yake, na nafasi ya valvu inaweza kuwa sahihi kabisa, mm 0.25 kwa kuingiza na mm 0.30 kwa kutolea injini ikiwa moto, huku roka ikikaa vibaya.

Minara hiyo isichanganywe na ya hedi nyingine. Ilitobolewa ikiwa imefungwa kwenye hedi yake, na ukiihamisha kamshafti hukaza. Kamshafti isiyozunguka kwa urahisi ni onyo hata kwenye hedi ambayo haijaguswa: huenda hedi imejipinda kwa joto, na kuskimu uso wa chini hakunyooshi mstari wa juu. Inapashwa moto na kunyooshwa kwanza, ndipo iskimiwe. Unene wa hedi mpya ni karibu mm 108 kutoka uso wa gasketi hadi uso wa kifuniko. Upime kabla ya kulipa pesa, kwa kuwa hedi yenye mm 107 si ile inayotajwa kwenye majedwali, na ujazo wa chemba yake utaujua tu kwa kibao cha plastiki angavu, grisi, bureti (mrija wenye alama za vipimo) na mafuta ya taa, plagi ikiwa imefungwa.

E31 ya 240Z za mwanzo nayo ina wapenzi wengi. Chemba yake ni ndogo, cc 42.4, na ina umbo la kubana. Hata hivyo valvu zake ni mm 42 na 33, na viti vyake vya zamani vinafaa kubadilishwa kwa vigumu vinavyostahimili petroli isiyo na risasi. Juu ya pistoni zenye shimo, inaipandisha injini iliyokuwa na 8.3:1 kwa N42 hadi karibu 8.6 tu, nyongeza isiyolingana na bei yake. Mwenye bloku ya pistoni zenye shimo asiyetaka kubadilisha pistoni abaki na N42 yake. Hapo ni hedi salama na haina matatizo.

Inabaki P79, ambayo wengi huitupa. Chemba yake ni ileile ya P90, na ndiyo iliyofungwa kiwandani juu ya pistoni bapa kwa 8.8:1. Kasoro yake ni tundu za kutolea zenye umbo la duara na bomba la chuma ndani, lililowekwa kuhifadhi joto kwa ajili ya kupunguza moshi mchafu. Bomba hilo hubana mtiririko kwenye mizunguko ya juu, na manifoldi ya tundu za mraba haikai sawasawa juu yake. Kwa injini inayobaki chini ya mizunguko 6000 na eksozi ya duara inayolingana nayo, P79 iliyoskimiwa milimita moja na kupangwa upya kama ilivyoelezwa inatoa karibu yote ambayo P90 ingetoa, na mara nyingi tayari imo juu ya bloku uliyonunua.