Kampala ni ng'ambo?

Mtu wa Mombasa akikwambia anavuka kwenda ng'ambo, usimtafutie pasipoti. Huenda anapanda feri tu, anakwenda Likoni. Lakini washa redio: "Wakenya walio ng'ambo" ni wa London, Doha, Johannesburg na hata Kampala. Hapo Kampala ndipo panaponikwaza, kwani basi la kwenda huko halivuki bahari yoyote.

Wanaotetea matumizi haya wana hoja nzito. Zanzibar, Ng'ambo ni mitaa iliyokuwa upande wa pili wa hori, yaani mkono mwembamba wa bahari, mkabala na Mji Mkongwe. Hori lilifukiwa, leo watu wanapita kwa miguu, na jina limebaki. Ikiwa maji yamekauka na neno halikufa, kwa nini lisipande basi? Hoja tamu, ila lile ni jina la mahali, na jina la mahali halidaiwi maana kila siku. Neno la kawaida hudaiwa.

Upana wa maji, kwa upande wake, haujawahi kuwa sharti. Biblia ya Kiswahili inasema "ng'ambo ya Yordani", na Yordani ni mto mwembamba. Mlango wa Likoni hauzidi sana nusu kilomita. Waya wa intaneti wa TEAMS uliofika Mombasa mwaka 2009 umelala baharini maelfu ya kilomita kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu. Kote ni ng'ambo, na hakuna kosa. Anayetaka kutaja umbali ataongeza mwenyewe: kuvuka bahari kuu.

Wengine wanapendekeza "ughaibuni" lichukue nafasi yote. Kwa habari za fedha zinazotumwa nyumbani linafaa, maana linamtaja aliye mbali na macho ya watu wake, awe amevuka maji au mpaka tu. Lakini halifai kwa meli, waya wala mizigo. Kontena haliko ghaibu, liko njiani kuja Kilindini. ("Majuu" nawaachia vijana, ingawa sijawahi kusikia Kampala ikiitwa majuu.)

Wazee wa pwani, majahazi yalipokuja na kaskazi, walitaja kwa jina: Manga (yaani Arabuni), Bara Hindi. Pilipili manga bado imebeba anwani yake. Watangazaji nao wanaweza: aliye Kampala, semeni yuko Kampala.