Mihadhara ya sayansi kwa umma: maswali yapewe muda wake

Siku hizi watafiti wa vyuo vikuu wanahimizwa, na pengine wanabanwa na wafadhili wao, watoke maabara wakazungumze na watu wa kawaida. Hoja ya wanaounga mkono haina kona: utafiti mwingi unaendeshwa kwa kodi, basi mlipa kodi aelezwe fedha zake zimezaa nini, tena kwa lugha anayoielewa. Wanaopinga nao hawasemi upuuzi. Jukwaa, wanasema, lina tabia zake. Linapenda uhakika, kisa kitamu na jibu moja, ilhali utafiti umejaa "huenda" na "tusubiri majaribio zaidi".

Upande wa sifa una mfano ambao hadi leo ni vigumu kuupiku. Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London, ilianzisha mihadhara ya Krismasi kwa vijana mwaka 1825, na Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, akaja kuitoa kwa misimu 19. Mfululizo wake maarufu zaidi ulihusu mshumaa, basi. Unapouzima, kabla ule moshi mweupe haujatawanyika, sogeza moto kwenye moshi bila kuugusa utambi: mwali unarukia moshi, unashuka nao, na mshumaa unawaka tena. Faraday akaenda mbali zaidi, akachomeka mrija wa kioo katikati ya mwali, mvuke ukapita humo, akauwasha kwenye ncha ya pili. Mtoto aliyekaa mbele hakuhitaji kumwamini mzee huyo. Alijionea kwamba kinachowaka ni mvuke.

Sasa linganisha na mwaka 2012, Amy Cuddy, mwanasaikolojia wa Harvard wakati huo, alipopanda jukwaa la TED, ile mihadhara mifupi inayosambazwa kwa video mtandaoni. Alieleza kwamba kukaa dakika mbili katika mkao wa kujiamini, kwa mfano mikono kiunoni na miguu imetanuka, kunapandisha homoni ya testosteroni na kushusha kortisoli, homoni ya msongo. Mamilioni ya watu walitazama. Utafiti alioutegemea kwa hoja hiyo, wa mwaka 2010, ulikuwa na washiriki 42. Mwaka 2015 kundi jingine likarudia jaribio kwa watu 200. Washiriki walisema wanajihisi wenye nguvu zaidi, lakini homoni hazikutikisika. Mwaka uliofuata Dana Carney, mwandishi wa kwanza wa utafiti ule wa 2010, akatangaza kwamba haamini tena kuwa athari hiyo ipo. Cuddy mwenyewe aliendelea kutetea upande wa hisia.

Simtuhumu mtu udanganyifu hapo. Sayansi ilijirekebisha kama inavyotakiwa. Tatizo ni kwamba masahihisho hayapandishwi jukwaani. Aliyeupokea mkao ule kwenye video hana sababu ya kufungua jarida la saikolojia miaka mitatu baadaye kuangalia kama bado unasimama.

Hapa nawapa wapinzani haki yao. Tena niwaongezee hoja: mshumaa unaingia ukumbini, lakini ushahidi mwingi wa leo hauingii. Makadirio ya tabianchi au hatari ya ugonjwa kwa watu laki moja huwezi kuviwasha mbele ya hadhira. Msikilizaji analazimika kuamini, na anayeombwa aamini huvutwa kirahisi na ulimi mtamu.

Ila siendi nao hadi mwisho, wanapodai mtafiti abaki na majarida yake. Kwa ushahidi usioonekana kwa macho, bado linabaki jambo moja la kuonyesha: namna ulivyokusanywa. Walipimwa wangapi, nani mwingine amerudia, matokeo gani yangekufanya ubadili msimamo. Mambo hayo hayahitaji shahada kuyafuata, na ndiyo yanayokatwa kwanza muda unapobana.

Ipo lawama nyingine, kwamba wanaohudhuria mihadhara hii ni walewale wanaopenda sayansi tayari. Ni ya kweli, na sioni dawa yake kamili. Café Scientifique, mikutano ya sayansi iliyoanzia Leeds, Uingereza, mwaka 1998, ilihamishia mazungumzo mkahawani. Pint of Science, tamasha la sayansi, ikayapeleka baa mwaka 2013. Anayetoka nyumbani kwenda kusikiliza habari za jeni baa bado ni mtu anayependa habari za jeni. Kilichonivutia mimi kwa Café Scientifique ni mgawanyo wa muda: mtafiti anasema kwa ufupi, kisha sehemu kubwa ya jioni ni ya waliokaa mezani.

Linganisha na ukumbi wa kawaida wa chuo. Slaidi zinakwenda hadi dakika ya mwisho, mwenyekiti anatazama saa, anatangaza kuna nafasi ya maswali mawili tu, na la kwanza linachukuliwa na profesa mwenzake, ambaye kwa kweli hana swali bali mhadhara wake mdogo. Waandaaji wanaweza kugeuza hili bila gharama yoyote: nusu ya muda iwe ya maswali, wasio wanataaluma waanze, na mzungumzaji aje na slaidi moja ya jaribio lililomshinda. Wapo watakaokataa kuileta slaidi hiyo. Hao, kwa maoni yangu, wapewe mwaliko baadaye.