Fulana za Shaaban Robert Tunazo, Vitabu Je?

Wiki iliyopita rafiki yangu mmoja, mwalimu wa Kiswahili katika shule ya kata, alinitumia picha akiwa ametoka semina. Semina yenyewe ilikuwa ya kuwajengea uwezo walimu ili wafundishe vizuri kazi za Shaaban Robert. Siku mbili, ukumbi wenye viyoyozi, mgeni rasmi kachelewa kama ilivyo ada. Kwenye picha ameshika alivyopewa: mkoba wa kitambaa, daftari, kalamu, na fulana nyeupe yenye sura ya mzee wetu kifuani. Nikamwuliza, na vitabu? Akanitumia vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi, kisha akaandika: "Kaka, vitabu tutarushiwa kwenye grupu."

Faili likarushwa kweli. Halikuwa *Kusadikika*, riwaya yake. Lilikuwa uchambuzi wa *Kusadikika*.

Sasa mniache niseme. Mtu huyu alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, akafariki Juni 1962, miezi michache tu baada ya bendera yetu kupandishwa. Tangu hapo hatujamnyima heshima. Tumempa mtaa mzuri katikati ya Dar es Salaam, Makumbusho ya Taifa yapo hapo hapo. Kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani ikifika, hakuna mhutubu asiyemtaja, na mara nyingi ni ule ubeti mmoja wa titi la mama, basi, mzee amekwisha. Laiti angelipwa kwa kila hotuba, ukoo mzima ungekuwa unaishi Masaki. Lakini mchukue kijana wa kidato cha nne, mwulize Karama wa *Kusadikika* alishtakiwa kwa kosa gani. Atakuambia "dhamira ya kwanza ni uongozi mbaya".

Mliopita madarasa hayo mnalijua desa. Kurasa kadhaa zilizopigwa kopi ya kopi steshenari, zimepauka hata herufi hazijulikani, zinapita mkono kwa mkono tangu enzi za kaka zetu. Dhamira. Migogoro. Ujumbe. Falsafa. Msimamo wa mwandishi. Wahusika na sifa zao. Jina la kitabu kusadifu yaliyomo. Kisha, kile kipengele ninachokipenda kuliko vyote: kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Mtoto wa miaka 17 anapima kutofaulu kwa mtu ambaye hajasoma hata ukurasa wake mmoja! Ujasiri huo hata maprofesa wa Mlimani hawana. Uchambuzi bila kitabu ni kusimuliwa harufu ya pilau na mtu aliyerudi harusini, halafu unapewa mtihani wa viungo.

Na hapa ndipo ninapogombana na waandaaji wa semina hizi. Wanaamini kwamba shida ni mwalimu. Mwalimu hana mbinu, mwalimu hana ari, mwalimu anahitaji "kunolewa". Basi ananolewa, ananolewa tena, anapewa cheti, anarudi kwenye darasa la wanafunzi 80 lenye nakala moja ya kitabu, nayo ni yake binafsi, jalada limeunganishwa kwa gundi ya karatasi. Ufanye mbinu shirikishi hapo. Shirikisha nini? Gundi?

Mwalimu anahitaji nakala 40, wawili wawili kwa kitabu, na wiki tatu katika azimio la kazi ambazo hakuna mtu atakayemwuliza "mmefika wapi". Vitabu vipo. Mkuki na Nyota wamevichapa upya kwa miaka mingi, na *Kusadikika* si tofali, ni kijitabu ambacho darasa linakimaliza kikisomwa kwa sauti. Bajeti ya chai ya saa nne ya ile semina ingeingiza masanduku mangapi? Sijui mahesabu yao, lakini najua chapati za ukumbini zinauzwaje.

Kwa sauti, nasisitiza. Watu wanalalamika kuwa Kiswahili cha mzee ni kigumu, sentensi ndefu, maneno ya zamani. Vijana haohao wanashika mistari ya singeli inayopita kasi kuliko bodaboda, neno kwa neno, halafu sentensi ya Shaaban Robert ndiyo iwashinde? Ugumu wake upo kwa anayeisoma kimyakimya, pembeni, akitafuta dhamira. Ukiisoma kwa kinywa unasikia inavyopandisha na kushusha, inavyorudia jambo kwa maneno mengine, inavyokupumzisha. Mtu huyu alikuwa mshairi hata akiandika nathari. Mwalimu asome kurasa za kwanza mwenyewe, tena asione haya kuigiza sauti, na maneno kumi au ishirini yaliyochakaa ayaandike ubaoni. Imetosha. Hiyo nayo inahitaji siku mbili ukumbini?

Nilipokuwa bado nashika chaki nililijaribu jambo hili na *Kusadikika*. Mnakumbuka mambo yenyewe: nchi iliyo angani, na ndani yake Karama anafikishwa mbele ya baraza kwa kosa la kufundisha watu elimu ya sheria. Kwa kosa la kufundisha, jamani! Mshtaki ni Waziri Majivuno. Karama anapopewa nafasi ya kujitetea hajikuni kichwa kuomba radhi. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi hiyo pande mbalimbali, mpaka Mbinguni na Ardhini, wakarudi na mambo ya faida, na shukrani waliyoipata ikawa kifungo. Siku sita za kesi. Sasa niambieni, mwandishi afanye nini zaidi ili kumrahisishia mwalimu? Amekupangia vipindi kabisa! Niligawa darasa makundi sita, kila kundi na mjumbe wake, kazi yao ni kumsoma, kumwelewa na kumpa Karama wao maneno ya kusema. Madawati yakasogezwa, likawa baraza.

Majivuno nilimpa kiranja mkuu, kijana aliyechukiwa na darasa zima kwa kuandika majina ya wapiga kelele. Walishangilia, maana walijua ataaibishwa. Haikuwa hivyo. Yule kijana alikisoma kitabu kuliko wote, kwa sababu alijua amezungukwa na maadui. Akasimama akajenga hoja: nchi haiwezi kuendeshwa na kila anayerudi na wazo kutoka safari, huyu katoka mashariki na lake, huyu kusini na lake, na wote wanataka sheria zibadilike leo, nani atalima? Darasa likanyamaza. Mwisho tukapiga kura, na Karama, ambaye kitabuni anashinda, darasani kwangu alishindwa.

Nilikaa nimeduwaa. Desa halikuwa na jibu la hali hiyo. Kipindi kilichofuata hakuna aliyehitaji kuambiwa afungue kitabu. Walikuwa wanafukua kurasa kutafuta ni wapi Karama aliwapoteza. Msichana mmoja akasema Karama anasema sana, angepunguza hotuba angeshinda. Mwingine akasema hapana, tatizo baraza letu halikuwa na mfalme, wote tulikuwa watu wa kawaida, na watu wa kawaida wanamwogopa anayewaambia walionewa. Huyo alikuwa na miaka 16. Nimesoma tasnifu zisizofikia hapo. Na hatujagusa bado lile kubwa: kwamba kitabu kilitoka 1951, mwandishi akiwa mtumishi wa serikali ya mkoloni, anakula mshahara wake, huku anaandika juu ya nchi inayowafunga watu wake wenye maarifa. Ukilisema hilo baada ya kesi, watoto wanashika vichwa. Ukilisema kabla, wanaandika: "dhamira ya pili, ukoloni".

Nikubali sasa, kwa shingo upande, yale mtakayonitupia. Ndiyo, mzee anahubiri. Wahusika wake wanakuja na majina yaliyokwisha kuwahukumu. Ukishaitwa Majivuno hutegemewi kufungua kituo cha yatima. Wanawake wake wengi ni wema mpaka wanachosha. Na Utubora wa *Utubora Mkulima* anayeacha kazi ya mjini kwenda kulima Busutamu, jamani, kijana wa leo aliyeona baba yake akiuza mahindi kwa hasara ana haki ya kucheka. Acheke! Mwacheni acheke na aseme kwa nini. Mwandishi mkubwa havunjiki akibishiwa na watoto. Anayevunjika ni mwalimu asiyekisoma kitabu.

Na mwongozo wa uchambuzi, haya, una kazi yake. Mwalimu mwenye vipindi vya kujaza wiki na mazoezi ya kusahihisha yanayofika dirishani hawezi kuanza kila kitu sifuri. Aupate, ausome usiku, aufiche.

Nina jambo moja bado, na hili nalipenda zaidi ya lile la baraza. Shaaban Robert aliandika tenzi mbili kwa wanawe: *Hati* kwa binti yake, *Adili* kwa mwanawe wa kiume. Shuleni zinatajwa kwa kuhesabiwa mizani na vina, kisha kengele. Lakini hizi ni barua za mzazi! Na barua hujibiwa. Wape wasichana wa kidato cha tatu utenzi wa *Hati*, wausome, halafu wamjibu baba kwa kanuni zilezile, mistari minne, mizani nane, kina cha mwisho kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo mizani inapata maana, kwa sababu unaihitaji ili useme jambo lako. Mwanafunzi wangu mmoja alileta ubeti huu, nimeuhifadhi mpaka leo:

Baba hati nimesoma,
maneno yako ni mema,
ila kaka kwenye ngoma
nani wa kumuusia?

Darasa lilipiga meza. Sikumjibu. Nilimpa *Adili* nikamwambia akaangalie mwenyewe kaka yake aliusiwa nini, na kama mizigo ya wawili hao inalingana. Alirudi na orodha, na orodha ile ilituchukua kipindi kizima cha kugombana, wavulana upande huu, wasichana upande ule, mimi katikati nikiomba mkuu wa shule asipite dirishani.

Kuna na mengine mengi ambayo yangeingia darasani bila gharama. Barua alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kuanzia 1931 hadi 1958 zimechapishwa, na humo mtoto anakutana na binadamu mwenye familia, kazi na vitabu vya kuhangaikia, si sanamu ya kwenye fulana. *Wasifu wa Siti Binti Saad* unasomeka vizuri sana ukiwa na simu mfukoni, kwa sababu sauti ya Siti ipo. Alisafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi, na santuri zile zimeingia mtandaoni. Soma ukurasa, cheza wimbo, soma tena. Halafu lile swali ambalo kila darasa lina mtoto wa kuliuliza, "Mwalimu, Mwislamu anaitwaje Robert?", msilizime kwa kusema si la mtihani. Mwacheni akatafute katika *Maisha Yangu*, tawasifu ya mzee, atakutana na mengine njiani.

Lakini najua tutakapokwama. "Si la mtihani." Mwalimu wangu wa semina anaweza kuwa na nakala 40, na wiki tatu, na sauti kama ya mtangazaji wa zamani wa redio, na bado mwezi wa moko, ule mtihani wa majaribio, ukikaribia mwalimu wa taaluma atamwambia aache michezo ya baraza, atoe hoja sita zenye mifano. Naye atatii, kwa sababu matokeo yakibandikwa jina litakalotajwa kwenye kikao ni lake. Simlaumu. Maswali ya "jadili kwa kutumia vitabu viwili ulivyosoma" yanajibika bila kusoma kitabu hata kimoja, na kila mtu anayeyatunga anajua hivyo.

Kwa hiyo mnaotaka kumsaidia mwalimu, nendeni mkakae na watunga mitihani, fulana mtupe wengine. Waombeni jambo dogo: mwaka mmoja tu, badala ya swali la hoja sita, wachape aya moja ya *Kusadikika* kwenye karatasi, aya ambayo Majivuno anazungumza, na chini yake waulize, "Mzungumzaji huyu anaogopa nini? Onesha neno linalomfichua." Wenye steshenari watanilaani, lakini kabla ya Pasaka ya mwaka unaofuata shule zitakuwa zinapigana kununua vitabu, na hakuna atakayehitaji kulipwa posho ili avifungue.